Kadi ya Bima Hununuliwa Ukiwa Mzima

Mama mwenzangu, kama una mume na watoto huna haja ya kuelezwa jinsi ugonjwa unavyoingia nyumbani. Hauji wakati wa mavuno, magunia yamejaa na kila mtu ana chochote mfukoni. Aghalabu huja mwezi wa pili, chakula kinaelekea kwisha, shamba linangoja palizi, na baba wa nyumba amekwenda kutafuta kibarua. Hapo ndipo mama hujiuliza aanzie wapi. Aende kwa jirani aliyemkopa mwezi uliopita na bado hajamlipa, au akamate kuku wawili aende nao gulioni?

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa usharika wetu, katika wilaya moja ya mkoa wa Dodoma. Mimi ni fundi wa cherehani, na mume wangu ni mkulima wa alizeti na mtama. Hatuna mshahara wa mwezi. Tumelea watoto watano. Katika madaftari ya kikundi nimeandika michango na mikopo ya kila namna, na nikifungua kurasa za nyuma naona jambo moja. Arusi hupangwa. Sare na michango ya shule hupangwa. Hata msiba, kwa kuwa tunazikana, una utaratibu wake. Mikopo iliyochelewa kurudi, na iliyoleta maneno kati ya mtu na mwenzake, karibu yote ni ya matibabu.

Ndiyo sababu nataka tuzungumze juu ya bima ya afya. Najua neno hili limewachosha wengi, maana tumelisikia katika mikutano ya kijiji na katika redio kwa miaka mingi. Lakini kwa kuwa sisi ndio tunaobeba mtoto mgongoni usiku kwenda kutafuta dawa, hatuwezi kuwaachia wengine jambo hili walizungumze peke yao.

TULIKOTOKA

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwaka 1992. Wakati huo huduma katika vituo vya serikali zilikuwa bure. Siasa ya nchi tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilikuwa kwamba matibabu ni haki ya kila raia, na mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali za watu binafsi za kutafuta faida. Zilibaki za serikali na za mashirika ya dini. Lilikuwa wazo jema, na zahanati nyingi zilijengwa vijijini. Lakini kufikia miaka ya 1980 fedha za nchi zilikuwa haba, na dawa nazo zikawa haba. Huduma ilikuwa bure, ila mara nyingi kabati lilikuwa tupu.

Mwaka 1991 hospitali binafsi ziliruhusiwa tena. Mwaka 1993 serikali ilianza utaratibu wa uchangiaji, ukianzia katika hospitali kubwa. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 walisamehewe, lakini wengine tulianza kulipa. Shida ya kulipa papo kwa papo wewe unaijua. Hakuna anayekuuliza kama leo unacho au huna.

Kwa hiyo mwaka 1996, katika wilaya ya Igunga mkoani Tabora, ulifanyiwa majaribio Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, ikapata kadi, na watu wa nyumba ile wakatibiwa bila kulipa tena kila wanapougua. Serikali nayo iliongeza fedha sawa na zile zilizochangwa, utaratibu ulioitwa "tele kwa tele". Sheria ya mfuko huo ilitungwa mwaka 2001. Mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi kwa watumishi wa serikali. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3.

Tazama hapo, mama mwenzangu, njia zilivyogawanyika. Mwenye mshahara alikatwa kabla fedha haijafika mkononi, naye hakupata nafasi ya kusahau. Sisi wa jembe na cherehani tuliachiwa kujiunga kwa hiari, na kila mwaka tulipaswa kutafuta fedha yote kwa mara moja. Haishangazi kwamba kwa miaka mingi waliojiunga na mfuko wa jamii walikuwa wachache. Tena katika sehemu nyingi kadi ilikubaliwa katika kituo kimoja tu ulichoandikishwa.

Kuanzia mwaka 2018 mfuko huo uliboreshwa nchi nzima. Kaya ya watu wasiozidi 6 ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ikaweza kutumika kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa, mradi mgonjwa awe amepewa rufaa. Ukigawanya kwa watu 6 unapata shilingi 5,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima. Nakumbuka mwandikishaji alipita nyumba kwa nyumba na simu yake, akatupiga picha, nasi tukajiunga.

WIFI YANGU NA KARATASI

Wifi yangu naye alijiunga. Ana watoto wanne, na mumewe ni mtu mwenye bidii. Mwaka ule alikwenda zahanati mara tatu. Mara mbili kati ya hizo alipimwa vizuri, akahudumiwa kwa heshima, kisha akapewa karatasi yenye majina ya dawa na kuambiwa akanunue dukani. Kadi ilikuwa mkononi, lakini fedha ilitoka mfukoni vile vile. Mwandikishaji aliporudi mwaka uliofuata, wifi alimkaribisha kiti, akampa maji ya kunywa, na akakataa kulipa.

Novemba ya mwaka 2021 kijana wake wa miaka 9 aliumwa tumbo siku mbili. Siku ya tatu alikuwa hawezi kusimama. Hospitalini walisema ni kidole tumbo, nacho kimekwisha kupasuka. Mtoto wa miaka 9 hayumo katika msamaha wa walio chini ya miaka 5. Upasuaji, dawa, kitanda, nauli na chakula cha aliyemwuguza, vyote kwa pamoja vilizidi shilingi 600,000.

Nashukuru mtoto alipona, na leo anacheza mpira. Lakini shemeji aliuza ng'ombe wawili wa kulimia. Aliwauza kwa bei ya kutupa kwa sababu mnunuzi alijua kwamba muuzaji hana muda wa kusubiri. Mvua zilipoanza, majirani walilima, naye akangoja kukodi ng'ombe baada ya wenyewe kumaliza. Msimu ule walivuna magunia 4 mahali ambapo walizoea kuvuna zaidi ya 10. Njaa ya mwaka uliofuata ilianzia katika kile kidole tumbo.

Watu walianza kumsema. Wengine walimwambia usoni kwamba ameyataka mwenyewe. Siku moja tukichambua mchicha nyumbani kwangu aliniambia, "Wifi, mimi sikukataa bima. Nilikataa karatasi."

Nimelifikiri neno hilo mara nyingi. Kwa kadi hai na barua ya rufaa, upasuaji ule usingemmaliza. Hilo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba mama aliyelipa mara moja akaambiwa akanunue dawa mwenyewe hana sababu ya kulipa mara ya pili. Wanaotuhubiria bima husema kweli ya kwanza tu. Wanaoilaumu husema ya pili tu. Nyumba haiwezi kuendeshwa kwa nusu ya kweli.

BIMA SI MCHEZO WA KUPOKEZANA

Mume wangu aliwahi kuniuliza swali ambalo nadhani waume wengi huuliza: "Mwaka ambao hatukuugua, fedha yetu imeliwa na nani?"

Swali hili linatoka katika mazoea ya upatu. Katika upatu, au mchezo kama tuuitavyo, kila mtu hutoa na kila mtu hupokea kwa zamu. Mwisho wa mzunguko umepata ulichotoa. Mwenye mawazo ya upatu akiingia katika bima ataona ameibiwa kila mwaka anaokuwa mzima.

Bima haifanani na mchezo. Ndugu yake ni kile chama chetu cha kuzikana. Ni nani kati yetu amewahi kudai arudishiwe mchango wake kwa sababu mwaka umepita bila msiba nyumbani kwake? Tunatoa, tunamzika mzazi wa mwenzetu, na tunashukuru kwamba zamu haikutufikia. Nilimjibu mume wangu hivyo. Nikaongeza kwamba ghala letu la alizeti lina mlinzi wa usiku, na mwaka ambao wezi hawakuja hatukumwambia arudishe mshahara. Alicheka, akasema, "Basi mama, lakini huyo mlinzi awepo kweli."

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kaya 40 za kikundi chetu zimetoa shilingi 30,000 kila moja. Zimepatikana shilingi 1,200,000. Katika mwaka, kaya 4 zinapata mgonjwa wa kupasuliwa, kila mmoja kwa shilingi 200,000. Hizo ni 800,000. Zinabaki 400,000 za malaria, vikohozi na vidonda vya kaya nyingine. Mfuko unafika mwisho wa mwaka ukiwa hai.

Lakini tuseme walio wazima wamesema, "Tutajiunga tukianza kuumwa." Wanajiunga wenye wagonjwa tu, kaya 10. Wanatoa shilingi 300,000, na wale 4 wa kupasuliwa wamo miongoni mwao. Mfuko unakufa kabla ya nusu ya mwaka. Mtu hakuiba hata senti moja, nao umekufa.

Jambo hili si la kufikirika. Mfuko wa Taifa ulikuwa na mpango ulioitwa Toto Afya Kadi, ambapo mzazi alimlipia mtoto shilingi 50,400 kwa mwaka. Mama nyingi waliupenda, na haki yao kuupenda. Lakini wazazi wengi walimkatia kadi yule mtoto aliyekwisha kuugua, wakawaacha ndugu zake wazima. Fedha zilizoingia hazikulingana na zilizotoka, na mwaka 2023 Mfuko ulisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja kwa utaratibu ule. Taratibu zimebadilika tena tangu hapo, na ni vema kuuliza katika ofisi ya Mfuko iliyo karibu nawe. Lakini fundisho linabaki. Mzazi aliyemkatia kadi mtoto mgonjwa alifanya jambo ambalo mama yeyote angelifanya. Kosa lilikuwa katika utaratibu ulioacha mlango ule wazi. Bima ikiwa ya hiari na kwa mtu mmoja mmoja, wagonjwa huingia na wazima hubaki nje.

SOKO LINA KAZI YAKE, NA MIZANI INA KAZI YAKE

Kuna wanaosema dawa ya matatizo haya ni soko. Husema makampuni ya bima yaachwe yashindane, hospitali zishindane, nayo bei itashuka kama bei ya nyanya zikiwa nyingi. Wengine huchukia neno soko kabisa, wakisema ugonjwa si bidhaa. Mimi ni mwanamke wa gulioni. Nauza sare za shule kila Jumamosi, na napenda kulitazama jambo hili kama mtu anayeuza na kununua.

Ushindani umetusaidia katika dawa. Zamani zahanati ilipokosa dawa katika Bohari ya Dawa ya serikali, habari iliishia hapo. Mgonjwa alipewa karatasi, kama wifi yangu. Mwaka 2014, hapa hapa mkoani Dodoma, ulianza mfumo wa mshitiri, unaoitwa Jazia. Mkoa hutangaza zabuni, wafanyabiashara wa dawa hushindana, na mmoja huteuliwa kwa bei zilizokubaliwa na kwa masharti ya ubora. Bohari ikikosa dawa, kituo hununua kwake badala ya kila zahanati kuhangaika mitaani peke yake. Baadaye mfumo huo ulipelekwa mikoa mingine. Hilo ni soko, nalo limefanya kazi nzuri, kwa sababu limewekewa masharti.

Hali kadhalika inafaa fedha imfuate mgonjwa. Kama kituo kinalipwa kwa wagonjwa kilichowahudumia, kina sababu ya kuwapokea vizuri na kuhakikisha dawa zipo. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/2018 fedha nyingi za vituo hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, badala ya kukaa wilayani. Na kadi inapokubaliwa katika kituo cha serikali na katika hospitali ya kanisa, mama ana uwezo wa kuchagua. Muuza nyanya anayejua kwamba mteja anaweza kwenda meza ya pili hachanganyi zilizooza.

Lakini kuna mambo ambayo ushindani peke yake hauyawezi. Kijiji chenye zahanati moja hakina wa kushindana naye. Tena kampuni ya bima ikiachwa ijiamulie, itapenda kuandikisha vijana wazima na kumkwepa bibi mwenye kisukari. Siisemi kwa ubaya. Hivyo ndivyo hesabu ya faida inavyokwenda. Na hospitali nayo, ikilipwa kwa kila kipimo na kila sindano, inaweza kujaribiwa kuongeza vipimo na sindano. Ndiyo maana bei huwa na mvutano. Machi 2024, Mfuko wa Taifa ulipoanza kutumia kitita chake kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwapokea wenye kadi zake, zikisema bei hazitoshi. Mvutano ulikuwa kati ya wakubwa wawili, lakini aliyesimama dirishani na mtoto mgonjwa alikuwa mama.

Gulio letu ni zuri, wala hakuna anayetaka lifungwe. Lakini hata gulioni yupo mkaguzi wa mizani. Bila yeye, mwenye kilo isiyotimia ndiye angekuwa tajiri, na mwaminifu angefunga biashara.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Sheria hiyo inataka kila mkaazi awe katika bima. Inaruhusu skimu za umma na za binafsi, inaweka kitita cha msingi cha mafao, inaweka msimamizi, na inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Kwa maneno ya gulioni, meza ni nyingi, mizani ni moja, na maskini hafukuzwi. Nasema hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Kama ndivyo itakavyokuwa kijijini kwetu na kwako, hilo litategemea utekelezaji, na sisi tunaweza kuwa sehemu ya utekelezaji huo.

Majirani zetu nao wanahangaika na swali hilo hilo. Rwanda ilianza majaribio ya bima ya jamii mwaka 1999. Kuanzia mwaka 2011 iliwapanga watu kwa hali zao, walio nacho wakalipa zaidi na maskini kabisa wakalipiwa. Leo ni Wanyarwanda wachache tu walio nje ya bima. Kenya ilikuwa na mfuko wake tangu mwaka 1966, na Oktoba 2024 ikauweka kando na kuanza mfuko mpya. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake. Kila nchi imechagua njia yake, lakini zote zimekutana na ukweli mmoja: wazima wasipoingia, na maskini asipolipiwa, mfuko hausimami.

TULIYOYAFANYA SISI

Baada ya mkasa wa wifi, kikundi chetu kilikaa na kujadiliana Jumapili tatu mfululizo. Wengine walitaka tuanzishe mfuko wetu wenyewe wa kukopeshana wakati wa ugonjwa. Nilisimama na daftari nikawasomea. Mkopo mmoja wa upasuaji ungechukua akiba ya miezi mitano. Kikundi cha watu 40 ni kidogo mno kubeba mzigo wa hospitali. Bima hupata nguvu kwa wingi wa watu, na wingi huo uko wilayani na mkoani, hauko katika benchi letu la Jumapili.

Tuliamua mambo matatu.

La kwanza, kila mama huweka shilingi 1,000 kila wiki katika bahasha ya bima, mbali kabisa na hisa na mikopo. Bahasha hiyo haikopeshwi kwa sababu yoyote, hata mwenye shida akilia. Mwezi wa saba, alizeti ikiwa imeuzwa, tunaongeza pale palipopungua na kulipa kwa pamoja, siku moja, watu wote. Kwa namna hiyo hakuna anayengoja kwanza aumwe. Kiwango kikibadilika, nasi hubadilisha mchango wa wiki.

La pili, tunawalipia wajane wawili wazee wasio na mtu. Kila mama huongeza shilingi 50 kwa wiki, nazo zinatosha.

La tatu, na hili ndilo lililomrudisha wifi yangu, tuliomba nafasi katika kamati ya zahanati. Kumbe sheria inawapa wananchi viti katika kamati hiyo, nasi hatukuwa tumevitumia. Akina mama wawili wa kikundi walichaguliwa. Kila baada ya miezi mitatu huuliza maswali manne: Fedha za bima ziliingia kiasi gani? Dawa zipi zilikosekana, na kwa siku ngapi? Mshitiri aliagizwa lini? Zilifika lini? Mara ya kwanza mganga alidhani tumekuja kumshitaki. Siku hizi yeye ndiye hutukumbusha tarehe ya kikao, kwa sababu ameona kwamba kamati inayouliza humsaidia naye kudai wilayani.

Sitasema kwamba mambo yote yamenyooka. Mwaka juzi dawa ya shinikizo la damu ilikosekana wiki sita, na wazee walinunua dukani. Familia tatu za kikundi bado hazikubali kulipa, nasi hatuwalazimishi wala kuwasema. Lakini katika daftari la mikopo, mikopo ya matibabu ya mwaka jana ilikuwa 3. Mwaka 2021 ilikuwa 17.

Wifi yangu amekuwa mwanakamati. Hana elimu kubwa, ila hakuna mtu anayejua kuuliza swali la dawa kama mtu aliyewahi kupewa karatasi.

KABLA HUJALIPA

Mama mpendwa, kabla hujalipia bima yoyote, iwe ya umma au ya kampuni, uliza mambo haya, na usione haya kuuliza. Kadi inawahusu watu wangapi wa nyumba, na mtoto atakayezaliwa katikati ya mwaka je? Nitatibiwa katika vituo vipi, na nje ya mkoa wangu itakuwaje? Rufaa hutolewa na nani? Ni magonjwa au huduma zipi hazimo? Kadi huanza kazi siku ngapi baada ya kulipa, na hufa tarehe gani? Mtu akikujibu kwa kuzungukazunguka, mwombe akuandikie. Weka majibu pamoja na vyeti vya watoto, na mwambie mume wako mahali ulipoviweka.

Halafu zungumzeni na mume wako kabla ya mavuno, wala msisubiri mpaka fedha ziwe zimegawanyika. Mweleze kwa upole juu ya chama cha kuzikana na mlinzi wa ghala. Kama atasema, kama alivyosema wangu, kwamba mlinzi awepo kweli, mwambie amesema haki. Na wewe uende kwenye kikao cha zahanati ukahakikishe kwamba yupo.